Mwendapole

Mchezo uliponiuliza jina, niliandika Mwendapole.
Farasi nikamwita Deni,
kwa kuwa kila niendako yuko nyuma yangu.

Mfalme alinituma kwa joka tangu Januari.
"Haraka," alisema, "mji utateketea alfajiri!"
Sasa ni Aprili, masika yanapiga mabati ya jirani,
na alfajiri ile haijapambazuka.
Mfalme bado amesimama barazani, mkono juu,
hajaushusha hata ajikune.
Nami niko kinamasini, kaskazini kabisa ya ramani,
nachuma uyoga wa buluu.

Nimerudi kutoka ghalani, barabara ya Mombasa,
ambako kila katoni ina sekunde zake kumi na moja
na Musembi huvaa saa yake shingoni kama refa.
Mwezi jana Kwamboka alikaa msalani dakika sita.
Zilikatwa.
Hapa Pipeline napanda ghorofa sita, navua viatu,
natia tokeni za shilingi hamsini,
nabandika chai,
nawasha.

Dirisha langu linatazama dirisha.
Jua nalijua kwa nguo za jirani: zikikauka, lilikuwepo.
Basi nampandisha Mwendapole kilimani, saa kumi na mbili ya kwao,
akalione kwa niaba yangu.
Silazimiki kufanya lolote huko juu.
Deni anakula nyasi. Natazama anavyokula nyasi.

"Shangazi!" Ni Nyabuto, miaka kumi na miwili,
amekuja na vitabu vya hesabu asivyonuia kuvifungua.
"Saa tisini umecheza, na bado uko kiwango cha nane!
Mimi joka nilimmaliza wikendi moja."
"Macho yake yalikuwa rangi gani?"
"Ya nani?"
"Ya joka."
Hakumbuki. Alibonyeza, akabonyeza, akashinda;
majina ya waliouunda mchezo yakaanza kupanda kiooni,
akayaruka nayo.

Nampa kipande cha mhogo, namsogezea kigoda.
Tazama, namwambia:
swala huyu ukimnyatia upande wa upepo, hakimbii.
Na hapa darajani, ukivumilia mpaka giza la huku liingie,
kuna mwanamke hutoka kwenye kile kinu,
huwasha taa, hutazama barabara,
huizima, hurudi ndani.
Hana kazi ya kunipa. Hana alama ya njano kichwani.
Nimekesha hapa siku tatu nijue anamngoja nani.
Sijajua.
Nilimvulia samaki watatu, lakini hakuna kitufe cha kumpa mtu
ambaye hakuomba kitu.
Nikawaweka mlangoni, nikaenda zangu.

"Ulipata pointi ngapi?"
"Hakuna."
Nyabuto ananitazama kama mtu aliyesahau chenji dukani.

Mita ukutani imeanza kumweka nyekundu.
"Stima inaisha, Shangazi! Mpige mbio, mpige mbio ufike mjini!"
Deni nimemwacha atembee.
Kwato, tope, kwato, tope,
mvua ya huko na mvua ya hapa zimechanganyika,
sijui ni ipi inayovuja karibu na kabati.
Tukaingia mtoni. Maji yakamfika magotini.

Kisha giza.

Nyabuto alifyonza. Nilipapasa kiberiti, sikukipata, nikaacha kukitafuta.
Kesho saa kumi na nusu simu italia,
nitashuka ghorofa sita nimeshika mkate mkononi,
nitakimbia, maana huko chini hakuna joka
aliyewahi kumngoja mtu.
Lakini hiyo ni kesho.

Tulikaa. Jirani alikuwa akisonga ugali kwa mshumaa,
mwiko ukigonga sufuria.
Muda mrefu mtoto hakusema kitu,
nikadhani amesinzia.

"Shangazi," akasema gizani,
"mimi nafikiri aliwachukua wale samaki."