Umri: Wowote

Tangazo nililibandika mwenyewe,
kwa uji wa muhogo, maana gundi ya dukani
iliisha tangu Shaabani.
USOMAJI WA LIKIZO. MAKTABA YA WETE.
Wiki sita. Umri: wowote.
Mkuu wangu akauliza, "Wowote mpaka wapi?"
Nikamwambia, mpaka mtu aishiwe na macho,
na akiishiwa nayo tutamsomea.

Siku ya kwanza walikuja wanane na mbuzi.
Mbuzi hatukumwandikisha,
ingawa ndiye pekee aliyemaliza ukurasa mzima.

Mwaka huu karafuu zimewahi.
Watoto hufika alasiri, wametoka kuchambua,
vidole vinanata.
Niliweka ndoo mlangoni, na kipande cha sabuni.
Vitabu vimenuka karafuu vivyo hivyo.
Kamusi, ukiifungua kwenye N,
hukupigisha chafya.

Kitabu kimoja, muhuri mmoja kwenye kadi.
Na muhuri tulionao ni ule wa zamani,
IMERUDISHWA.
Ngwali wa darasa la tano amerudishwa mara kumi na tatu.
Husoma amesimama,
kama mtu aliyepita kuulizia bei.
Mize huanza na ukurasa wa mwisho:
"Nataka kujua kama anakufa. Akifa, sisomi."
Shaame, fundi baiskeli, yuko na kitabu cha nyuki
tangu wiki ya kwanza. Husoma kwa kidole,
na kidole kimeacha njia ya grisi chini ya kila mstari
mpaka ukurasa wa arobaini na moja.
Hapo ndipo usingizi ulipomkuta.

Alhamisi moja akaingia Bi Time,
miwani imefungwa uzi, mkononi hana kitu.
Fomu inataka umri.
"Andika, kazaliwa mwaka ule karafuu iliposhuka bei."
"Mwaka gani huo, bibi?"
"Mwaka gani haikushuka?"

Nikampa hadithi yenye herufi kubwa.
Akaitazama kwa adabu, akanirudishia.
"Hizi zenu zaanzia kushoto,
kama mtu atokaye chumbani kinyumenyume.
Mie n'nasoma zinazotoka kulia."
Nikapekua rafu zote, nikapanda ngazi, nikashuka na vumbi.
Kiswahili cha kuandikwa kwa herufi zake, hata kijitabu.

Kesho yake akaja na chake,
ndani ya kopo la biskuti:
daftari la marehemu baba yake.
Hesabu za karafuu, pishi kwa pishi,
na katikati ya pishi, dawa ya kifaduro,
beti mbili ambazo hakumwonyesha mtu,
siku mvua ilipolowesha majamvi,
majina ya wadeni.
Akasoma kwa sauti. Mimi, niliyesomea kazi hii
miaka miwili na cheti kikapigwa fremu,
nilikuwa nikitazama mistari ile
kama mbuzi wa siku ya kwanza.
Ngwali akakaa chini.

"Jembe moja jipya," akasoma Bi Time,
"kaazima Shaame Faki. Kasema la siku tatu."
Pakawa kimya.
Fundi baiskeli akafunga nyuki wake.
Shaame Faki ni babu yake, jina kalirithi,
na jembe, akakiri baadaye pale kwenye ndoo,
analijua lilipo.

Jumatatu akalileta, halina mpini,
limeliwa na udongo likabaki kama ulimi.
Bi Time akaligeuza, akaligonga kwa kidole, likalia.
Akafungua daftari pale palipo jina.
"Lete huo muhuri wako."
Nikasita. Karatasi ya zamani, wino wa mtu aliyekufa.
"Piga," akasema.
Nikapiga.

Ripoti nimeipeleka kwa mkuu:
wasomaji sitini na mmoja,
vitabu mia nne na tisa, jembe moja.
Amezungusha duara kwenye jembe, kwa kalamu nyekundu.

Bado limeegemea rafu ya Kilimo.
Wiki sita zimeshapita, tangazo limeliwa na mende,
na Bi Time asema atalichukua
akimaliza daftari.
Kabakisha kurasa sita.
Siku hizi asoma mistari miwili tu,
kisha afunga kopo,
aniuliza habari za nyumbani.