Nyuzi Arobaini na Sita Chini ya Sifuri

Sokoni Yakutsk samaki husimama wima ndooni
kama kuni, macho wazi, midomo wazi,
maana huku jokofu ni mbingu yenyewe.

Nilikuwa nampimia mteja kilo tatu
moto ulipoanza: kwanza kifuani,
kama mtu aliyewasha kiberiti kwa siri,
kisha shingoni, kisha masikioni, pu!
Nikavua glavu. Nikavua kofia ya manyoya ya mbweha.
Nikafungua vifungo vya koti, kimoja, viwili, vyote;
mvuke ukanitoka kichwani kama sufuria ya viazi.
Mteja akarudi nyuma. "Mama, utakufa."
Nikamwambia, "Elfu mbili na mia nne. Chenji sina."

Matryona wa meza ya pili, muuza maziwa ya kugandishwa,
alicheka hadi barafu ya kope zake ikakatika.
"Karibu," akasema. Hilo tu. Karibu,
kana kwamba ipo nyumba, na yeye ameshatenga chai.

Mimi nilidhani ni moyo.
Mama alikufa kwa moyo, ama ndivyo tulivyoandikiwa.
Nilidhani ni Prokopi, nilivyomfokea kwa ajili ya kijiko,
kijiko, jamani, alichokisahau kikombeni.
Nilidhani akili inaniaga: siku nzima
nalitafuta jina la kile kitu
cha kuzolea theluji, nikakiita "jembe la mbingu".
Binti yangu Aita akaliandika kwenye mlango wa friji.

Na mwezi nao ukawa hauaminiki.
Miaka thelathini na tano ulikuja kama mdai,
na tarehe yake, na daftari lake;
sasa unapitiliza, unarudi mara mbili,
unakaa siku kumi na mbili, unaondoka bila kuaga.
Nilipovunja ungo bibi alinipa kitambaa, akafunga mlango.
Leo nauokota ungo ule, ufito kwa ufito,
wala sijui kama ni wa kusukwa upya
au wa kuwashia jiko.

Daktari, msichana wa kucha fupi,
alinisikiliza dakika kumi na moja. Nilihesabu.
"Homoni," akasema, "haziondoki kwa adabu."
Akanipima presha, akanipa kiraka cha kubandika nyongani,
akaniuliza kuhusu usingizi.
Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu usingizi.

Usiku nafungua kidirisha cha juu.
Prokopi analala na koti na soksi jozi mbili,
halalamiki tena.
Baridi inaingia, inajilaza kati yetu
kama mtoto aliyeota vibaya.
Saa tisa niko macho. Nje magari yananguruma matupu:
huku hatuzimi injini majira haya,
ukizima, haiwaki mpaka Aprili.

Nageuza mto.
Saa tisa na robo neno linarudi lenyewe.
Beleshi.
Nalisema kwa sauti, gizani.
Prokopi, ndani ya koti lake, anaitikia:
"Ndiyo. Beleshi."