Zamu ya Saa Kumi

Nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
ile tuliyopewa bure na duka la simenti,
Syombua ameandika kwa kalamu ya bluu:
saa nne, Mama. Saa sita, Mutinda.
Saa nane, mimi. Saa kumi, Baba.
Kila baada ya saa mbili mwili wa mumewe ugeuzwe,
ubavu, chali, ubavu,
ngozi isije ikaoza kwa kulaliwa.
Kama chapati, alisema Mbithi mwenyewe usiku wa kwanza,
na hakuna aliyejua kama tumeruhusiwa kucheka.

Mti wa jukwaa ulikatika Kilimani, orofa ya tano.
Mkandarasi alituma kreti mbili za soda
kisha simu yake ikawa haipatikani.
Mtu tusiyemjua alituma shilingi hamsini kwa M-Pesa,
akatuma tena hamsini wiki iliyofuata.
Mama huliombea jina lile kila jioni,
kabla ya majina yetu.

Zamu yangu siwashi taa.
Mwanga wa stima ya jirani unapenya pazia, unatosha.
Nachovya kitambaa, nakamua, naanzia shingoni.
Masii, uani kwa nyanya, yeye ndiye aliyekuwa akiniogesha,
akinisugua masikio mpaka nilie,
akiniambia mwanamume haogopi sabuni.
Sasa nikifika kiunoni anageukia ukuta
nami natazama dirisha,
na heshima iliyobaki tunagawana hivyo, gizani,
bila neno.

Daktari hasemi atatembea.
Hasemi hatatembea.
Anasema, tuone.
Kasiva, aliye darasa la pili,
huvuta vidole vya miguu ya babake kimoja kimoja
akiuliza, huyu amelala? Na huyu?
Mbithi hujibu, huyo ndiye mvivu kabisa, mwache,
kisha huomba afungiwe mlango kidogo.

Baba ni mtu wa redio, si wa maneno.
Alitaka mwanawe awe karani, avae shati jeupe.
Miaka kumi na mmoja mtoto kaenda mjengo,
miaka kumi na mmoja Baba hakuuliza lolote,
hata ni nyumba gani anajenga.
Usiku mmoja usingizi uliniruka,
mbuzi wa Kiamaiko wakilia huko ng'ambo wakingoja asubuhi,
nikasikia sauti yake chumbani:

Hiyo plasta. Mchanga mnaweka kiasi gani?

Kimya kirefu. Nilidhani Mbithi amelala.

Nne kwa moja, Baba. Ukuta wa nje, tatu.

Na maji?

Maji hayapimwi. Mkono ndio unajua.

Kitanda kikalia.
Haya, nishike shingo. Moja, mbili.
Na baadaye, chini kabisa, kama mtu anayekariri:
nne kwa moja. Wa nje, tatu.

Alhamisi ni siku ya kliniki.
Kutoka kwetu hadi chini ni vidato sitini na vinne,
Kasiva amevihesabu, na lifti haijawahi kuwepo.
Tunamshusha kwa kiti cha plastiki:
mimi na kijana wa genge nyuma,
Baba mbele, mgongo wake wa miaka sitini na tisa,
Syombua na mto, Mama na bahasha ya picha za uti wa mgongo.

Wiki hii, kati ya orofa ya pili na ya kwanza,
Mbithi akasema, Simameni.
Tukasimama. Syombua akamshika paji la uso.
Ni maumivu? Ni mshipa? Nikuletee maji?

Hiki kidato, akasema.
Kimezidi wenzake nusu inchi.
Fundi gani alijenga hapa?
Timazi yangu iko wapi?

Mama alianza kwa kukohoa,
kisha ikawa kicheko, akaketi papo hapo ngazini
na bahasha yake, akifuta macho kwa leso,
majirani wakifungua milango.

Baba akatushikisha uzito wake,
akainama taratibu,
akaweka kiganja juu ya saruji,
akakisogeza hadi ukingoni, akarudi kidato cha juu.

Kweli, akasema. Kimezidi.