Sauti ya Nne

Barua ya jimbo ilikuwa na mhuri na mistari saba.
Mstari wa tatu ulisema ada italipwa
kwa muda wote ambao mwanafunzi atakuwa na sauti.
Baba aliniomba nirudie huo wa tatu.
Akacheka, akakohoa, akauliza:
"Na ukipata mafua?"

Sisi ni watu wa Dabaga, ukungu hatuuhesabu kama mvua.
Baba ni mgema. Masika yakiingia
hupita mianzini asubuhi, mchana, jioni,
akikata ncha ya chipukizi, kipande chembamba kama kucha,
kisha hutundika mbeta, huondoka.
Ukiukata mno unakufa, alinifunza.
Usipoukata unaziba.
Hiyo ndiyo elimu niliyoshuka nayo Iringa.

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja, kanisa kuu.
Mwalimu Ngwada naye ana kisu chake:
penseli nyekundu, imebaki kidole kimoja.
"Besi! Mmefika so ya chini kama watu waliotumbukia kisimani.
Shukeni kwa ngazi."
Tunashuka kwa ngazi.
Anakata. Tunapanda, tunashuka tena.
Karatasi za nota zimerudufiwa
hadi f inafanana na t,
na ukikosea hapo unaimba wimbo mwingine kabisa.

Kushoto kwangu husimama Longino Mhongole, fundi cherehani,
aliyeanza kuimba hapa kabla sijazaliwa.
Nota hazijui hata moja.
Huvuta pumzi, nami navuta;
hukanyaga, nami nakanyaga palepale,
kama anayefuata tochi ya mwenzake njia ya shamba.

Sijawahi kusifiwa.
Mwaka wa kwanza nilidhani ni roho mbaya,
hadi nikakumbuka ile methali ya mgema na sifa na maji,
ambayo nyumbani kwetu haitajwi,
kama jina la mkwe.

Mwezi wa saba baridi ikanishukia kifuani.
Nilifungua kinywa, ukatoka mchanga.
Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu
nilifumbua na kufumba kwa wakati wake,
kama samaki wa Mtera juu ya meza ya sokoni.
Longino aliimba ya kwake na ya kwangu,
macho mbele, shingo imemtoka mishipa,
akinukia chaki ya kukatia suti.
Mhasibu wa jimbo alikuwa benchi la tatu, anasali.
Ada ya muhula huo ililipwa. Risiti ninayo:
laki sita na nusu,
kwa ukimya.

Nani alijua? Penseli ilijua.
Kwenye karatasi yangu, juu ya mistari yote ya besi,
mtu alikuwa amechora alama ya pumziko,
nyekundu, kubwa, bila neno.

Mkesha wa Pasaka, taa zimezimwa.
Baba alikuja na lori la viazi,
akasimama mlangoni kabisa, koti limelowa,
akishika mshumaa kama anayeogopa kuuvunja.
Mwalimu aliinua mkono. Teno wakanyamaza.
Akainamisha kidole, Longino naye akanyamaza,
na huyo msaliti hakuniambia kwamba walishapatana.
Nikabaki peke yangu juu ya ngazi.

Nikashuka.
Sikumbuki vipandio. Nakumbuka tu kwamba chini
palikuwa na sakafu,
na kutoka mlangoni kikohozi ninachokijua
kilidondoka karibu kabisa na so ileile.

Nje, saa sita usiku, watu wanapeana mikono.
Baba akafungua kidumu, akamimina kwenye kifuniko.
Mwalimu Ngwada akanywa, akafuta masharubu,
hakusema kitu juu ya ulanzi.
Baba hakusema kitu juu ya wimbo.
Wakatazamana vile, wagema wawili,
kila mmoja akilinda mbeta ya mwenzake,
huku Longino akinyoosha kifuniko
aongezewe.