Namba Nne

Brazili niliyoijua mimi ni ya kuku.
Katoni sabini kwa paleti,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
nami ndani ya koti la sufi mwezi wa Julai,
ghalani Mawaleh, nikiandika kwa penseli
maana wino huganda.
Ubavuni mwa kila katoni, bandari ilikotoka: Itajai.
Miaka sita nimesoma "itajaa",
nikidhani ni ahadi ya mwenye ghala.

Kisha Biju, dereva wa lori la pili,
akasahau flashi yake garini mwangu.
Nyimbo kumi na moja, hazina majina.
Ya nne haina hata mwimbaji.

Nikamngoja. Anayepigiwa hodi ndefu hivi
lazima atatoka.
Kinanda cha umeme kikachemka taratibu, kama maziwa,
besi ikatembea na kandambili,
na tari, naapa ni tari, lile la maulidi,
ila mpigaji huyu hakuketi safu na wenzake:
anachelewa makusudi, ukope mmoja tu,
pigo linakufikia ukishalikatia tamaa.
Hakutoka mtu.

Dakika ya tano kitu kikalia chini ya boneti.
Mtoto wa paka, nikasema, kafuata kivuli.
Nikaegesha kabla ya Burj al-Sahwa,
nikafungua boneti, joto likanizaba kofi,
nikaita nyau, nyau, mbele ya malori yote ya Barka.
Kilio kimebaki ndani ya gari. Sasa kinacheka.
Ni ngoma, nilikuja kuambiwa: ina kijiti tumboni,
husuguliwa kwa kitambaa kibichi mpaka iseme.

Kwetu Al-Hail lugha zinagombea sinia.
Mchana kutwa nabadili ulimi
kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni mwa msikiti,
hiki si changu, hiki kinabana.
Ofisini naulizwa asili yangu.
Kwa mama naambiwa Kiswahili changu kimeingia mchanga.
Namba nne hainiulizi.
Namba nne hainisahihishi.

Nilimwekea mama.
"Mbona haimbi?"
"Hakuna wa kuimba, mama."
"Sasa wanamngoja nani?"
Akaendelea kupepeta mchele,
lakini ungo ukashika saba,
nami nahesabu kimya kimya,
moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu,
na pale kinanda kilipoiacha njia,
kikaenda zake, mbali, peke yake,
mpaka nikaona haya kwa niaba yake,
mama akasema bila kuinua macho:
"Mwache. Atarudi."

Akarudi. Kwa mlango wa uani, lakini akarudi.

Leo limefika kontena jipya.
Nimefuta barafu katonini kwa kiganja,
nimeisoma ile bandari kwa sauti,
ukope mmoja nyuma ya pigo.
Biju anaitaka flashi yake.
Nimemwambia kesho.