Mkanda wa Tatu

Kizungu changu kilikuwa cha forodhani:
magunia mangapi, tani ngapi, tia sahihi hapa.
Kwa hicho nikapewa kipaza sauti cha bati
nikaambiwa, Mbaruku, leo utawatafsiria askari.

Gari la sinema lilisimama nyuma ya stesheni ya Tanga,
jenereta likikohoa kama mwenye pumu.
Shuka mbili za hospitali, kaziunga Binti Saburi
kwa uzi mweusi, maana mweupe ulikwisha madukani,
basi kila aliyetokea pale, bibi, farasi, treni,
alipita na kovu katikati.

Keya mia tatu wamekaa chini.
Wanaondoka Jumanne. Wapi, hawakuambiwa.
Mimi nilijua:
nilikwisha kuyasoma masanduku yao.

Akatokea mtu mnene amebeba ngazi.
Alisema haraka, sikuambulia neno.
Nikainua bati langu:
"Anasema mkewe kamfungia nje!
Anasema atapandia dirishani!
Anasema, jamani, nishikieni!"
Uwanja ukaangua kicheko.
Afisa akanigeukia kwa mshangao;
nadhani hapo palikuwa pa kusikitika.

Mkanda wa kwanza. Wa pili.
Halafu harufu ya kuungua, na usoni mwa picha
likatumbuka lengelenge la kahawia,
likapanuka, likammeza mtu mnene
angali juu ya ngazi.
Ikabaki shuka tupu na uzi wa Binti Saburi.

Hakuinuka hata mmoja.
Gizani akauliza Koplo Shekigenda, mtu wa Mlalo:
"Karani, aliingia ndani?"
Ningeweza kusema sijui.
"Mkanda wa tatu uko Mombasa," nikasema.
"Mkirudi mtauona."
Wakapiga makofi.
Makofi, kwa mkanda nisioujua kama upo.

Masika yalipokwisha ikaja barua kutoka Burma:
"Salamu nyingi. Mvua ya huku haina adabu.
Handakini tumebishana wiki nzima.
Wako wanaosema mke alifungua,
wako wanaosema jamaa alianguka.
Mimi nasema yuko palepale juu.
Tukate shauri."
Chini, majina kumi na moja.
Matatu yamepigwa mstari,
sijui kwa wino wa mkaguzi wa barua
au ni wino wa Shekigenda mwenyewe.

Nikamfuata afisa. Naye hakujua mwisho.
Akaniambia, andika chochote.

Nikaandika: mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo,
mjinga yule hakuusukuma.
Wangecheka, hilo najua.
Nikapiga mstari.
Nikaandika: kafunguliwa,
kapewa maji ya moto aoge,
wali ulikuwa haujapoa.

Nikabandika stempu,
nikarudi kuhesabu magunia ya katani.
Nilikosea hesabu mara mbili.