Mia na Ishirini

Kabla hujaondoka, Shinuna, zima redio.
Gari lako liko juu ya jeki, mguu mmoja hewani
kama kuku anayekwepa lami ya adhuhuri.
Saa kumi na moja alfajiri, na sakafu ya gereji
bado ina joto la jana. Ibra haipoi Juni.

Bolti tano. Zihesabu kwa kidole, si kwa jicho.
Chukua brashi ya waya, sugua hesi
mpaka litoke lile vumbi jekundu
linaloingia hata ndani ya tende zilizofungwa.
Kisha futa kwa kitambaa kikavu.
Kikavu, nimesema. Rudisha kopo la grisi.

Najua. Babu yako angenicheka.
Alikuwa fundi baiskeli Ng'ambo kabla ya kuja huku,
na kila kilichozunguka alikipaka:
mnyororo, bawaba, cherehani ya bibi,
hata pete iliyomganda kidoleni.
"Grisi ni adabu ya chuma," akisema.
Nasi tukapaka, tukapaka,
na wakati wa kukaza alipanda juu ya spana kwa miguu miwili,
kanzu ameifunga kiunoni, akiruka.

Siku moja tunatoka Sur na masanduku mawili ya samaki,
gurudumu likatupita.
Likatupita kulia, taratibu, kama mtu anayetujua,
likashuka changaraweni, likaruka kichaka, likaendelea.
Baba akauliza, "La nani hilo?"
Ndipo gari likainama.

Tuliokota bolti mbili zilizokatika.
Shingo zake zilikuwa zimerefuka,
nyembamba kama peremende iliyonyonywa.
Biju, fundi wa Kerala pale sanaiya,
alizipapasa kwa kucha, akasema kwa Kiarabu chake cha vipande:
"Mafuta yanadanganya mkono."
Akarudi kwenye chai yake.
Miaka ilipita ndipo nikaelewa:
hesi ikiteleza, nguvu ileile huvuta kupita inavyosema,
chuma kinanyooka ndani kwa ndani, kimya,
nawe unajisifu umefunga.

Haya, lete kopo, usininunie.
Kidogo tu, kwenye mdomo wa habu, pale rimu inapokaa,
isije ikaota kutu ikang'ang'ania.
Hapo, baba. Hapo ndipo grisi yako.
Ikigusa bolti, futa.

Pandisha tairi. Anza kwa vidole;
bolti ikikataa, usiilazimishe, irudishe nyuma, isikilize.
Moja, ruka moja, ruka tena: chora nyota,
usizunguke kama mwenye kutafuta mlango.
Shusha jeki. Sasa spana ya kipimo, mia na ishirini.
Vuta polepole mpaka iseme tik.
Tik moja. Usiombe ya pili.

Huko Duqm watakuita mhandisi,
utatia saini karatasi nisizozijua.
Lakini ukifika Sinaw simama. Gurudumu lipoe kwanza,
kisha zijaribu zote tano, kwa mpango uleule.

Saa moja na nusu simu ikalia: ujumbe wa sauti.
Hakuna salamu. Upepo, mbuzi wa sokoni,
mtu anapiga bei kwa mbali,
halafu tik. Tik. Tik.
Nikausikiliza mara tatu nimesimama mlangoni.

Nimehesabu sita, Shinuna.